Maswali na Majibu ya Ujenzi: Tetemeko likija, kila fremu inabeba kiasi gani?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ardhi inapotikisa jengo kwa ubavu, mzigo huo unabebwa na nguzo zipi, na kwa mgawo gani? Kwa wanaojenga kando ya Bonde la Ufa hili si suala la vitabuni. Bukavu ilitikiswa tarehe 3 Februari 2008 na Kagera tarehe 10 Septemba 2016. Matetemeko yote mawili yalikuwa ya kipimo cha 5.9, ambacho duniani huhesabiwa kuwa cha wastani, na bado yaliua watu na kuangusha majengo.

Katika majibu haya fremu ni kiunzi cha nguzo na bimu zilizo kwenye mstari mmoja, si chumba cha duka. Ukakamavu ni kani inayohitajika kukisogeza kiunzi hicho milimita moja. Ringi ni chuma chembamba kinachozungushwa kwenye nondo kuu za nguzo ili kuzibana. Kani tunaipima kwa kilonewtoni, kifupi kN.

Nasimamia jengo la ghorofa tatu lililo kwenye kona ya barabara mbili. Nguzo zote ni za sm 30 kwa 30. Mhandisi amerekebisha mchoro: nguzo za upande wa barabara ameziongezea nondo na ringi, za nyuma kwenye ngazi ameziacha zilivyo. Ninavyoona mimi, uzito wa jengo ni sawa pande zote. Je, chuma hiki kinapotea bure?
*Fundi msimamizi, Bukoba*

Hakipotei, ndugu fundi. Uzito wa kawaida, yaani zege, kuta, watu na samani, hushuka kwenye nguzo kulingana na eneo la sakafu linaloegemea nguzo hiyo. Hapo uko sahihi. Tetemeko halifuati eneo. Slabu ya zege ni ngumu sana kwa upande wake wa mlalo, kwa hiyo inaziburuta nguzo zote pamoja, na kila fremu inakataa kusogea kwa kadiri ya ukakamavu wake. Iliyo ngumu zaidi hubeba zaidi, iwe mhandisi aliipangia mzigo huo au hakuipangia.

Kwenye jengo lako, upande wa nyuma una ukuta wa zege wa ngazi, na bila shaka kuta nzima za matofali upande wa majirani. Upande wa barabara una nguzo na vioo tu. Uzito wa jengo uko katikati, lakini upinzani umekaa nyuma. Kani inasukuma katikati, upinzani unashikilia nyuma, na jengo linazunguka kama mlango kwenye bawaba. Nguzo za barabarani ziko mbali na bawaba, hivyo zinasafiri umbali mrefu kuliko zote. Kwenye tetemeko la Mexico City mwaka 1985, majengo ya kona yenye umbo hilihili yalikuwa mengi miongoni mwa yaliyoharibika vibaya.

Sasa tuje kwenye ringi, maana hapa ndipo kazi nzuri ya mezani huharibikia saiti. Kwa nguzo ya sm 30 yenye nondo kuu za mm 16 na ringi za mm 8, Eurocode 8, yaani kanuni ya Ulaya ya kusanifu majengo yahimili tetemeko, inataka nafasi kati ya ringi isizidi ndogo kuliko zote kati ya hizi: nusu ya upana wa kiini kilichozungukwa na ringi (hapa kama mm 116), mm 175, au mara 8 ya kipenyo cha nondo kuu (mm 128). Weka sm 10 na utakuwa salama. Ukaribu huo unahitajika juu na chini ya nguzo, kwa urefu wa angalau sm 45 kutoka kwenye uso wa bimu. Katikati ya nguzo unaweza kuachia nafasi kubwa kiasi. Makosa ya kawaida ni kinyume chake: ringi zimebanana katikati ambako kuzifunga ni rahisi, na karibu na bimu zimeachwa sm 25 kwa sababu nondo zimejaa.

Angalia pia mkia wa ringi. Ukipindwa nyuzi 90 tu, zege la nje likibanduka mkia unafunguka, ringi inaachia, na nondo kuu zinapinda nje. Mkia upindwe nyuzi 135, uingie ndani ya kiini, na urefu wake baada ya mpindo uwe mara 10 ya kipenyo, yaani mm 80 kwa ringi ya mm 8. Kona zenye mikia zipishane kutoka ringi moja hadi nyingine, zisirundikane kwenye nondo moja. Na ringi ziingie ndani ya kiungo cha nguzo na bimu. Pale ndipo mafundi wengi huziruka kabisa.

Mwalimu ametupa mlinganyo wa kugawa kani kwa fremu, lakini sioni namba zinatoka wapi. Naomba mfano kamili, na huo mzunguko wa jengo uwemo.
*Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, Mbeya*

Chukua jengo la mstatili, urefu m 18 na upana m 12. Lina sakafu mbili za juu na paa bapa la zege, na kila ngazi iko m 3 juu ya iliyotangulia. Uzito wa kila ngazi, pamoja na kuta na sehemu ya mzigo wa watu, tuuweke kN 2,000. Jumla ni kN 6,000.

Kwanza kani ya jumla kwenye msingi. Tuseme mchapuko wa ardhi kwenye mwamba ni 0.1 ya mvutano wa dunia, kizidishi cha udongo ni 1.2, kilele cha mkunjo wa Eurocode 8 (mara ngapi jengo hukuza mtikisiko wa ardhi) ni 2.5, na kigawanyo kinachotokana na uwezo wa kiunzi kunyumbuka bila kuvunjika, kile kinachoandikwa q, ni 3. Basi 0.1 × 1.2 × 2.5 ÷ 3 ni 0.1, na kani ni asilimia 10 ya uzito: kN 600. Kanuni inaruhusu kuzidisha kwa 0.85 jengo likizidi ghorofa mbili na muda wake wa mtikisiko ukiwa mfupi. Tuiache hiyo ili namba zibaki nyepesi.

Pili, igawe kwa wima. Kila ngazi hupata kwa kadiri ya uzito wake mara kimo chake kutoka msingi. Uzito ni sawa na vimo ni 3, 6 na 9, kwa hiyo mgawo ni 1 kwa 2 kwa 3: kN 100, kN 200, na kN 300 kwenye paa. Nguzo za ghorofa ya juu zinapitisha 300, za katikati 500, za chini 600.

Tatu, igawe kwa mlalo. Tetemeko linasukuma kwa upande wa upana. Fremu 1 hadi 4 ziko kwenye m 0, 6, 12 na 18 za urefu wa jengo. Fremu 1 ina ukuta wa ngazi, ukakamavu wake ni 3. Zile nyingine tatu ni 1 kila moja. Kwenye kingo mbili za urefu kuna fremu A na B, nazo ni 1 kila moja.

Kitovu cha ukakamavu ni (3×0 + 1×6 + 1×12 + 1×18) ÷ 6, yaani m 6 kutoka fremu 1. Kitovu cha uzito kiko katikati, m 9. Vimepishana kwa m 3.

Kani ya moja kwa moja hugawanywa kwa uwiano wa ukakamavu: fremu 1 inapata kN 300, na fremu 2, 3 na 4 kN 100 kila moja.

Msokoto ni 600 × 3 = kNm 1,800. Ili kuugawa, zidisha ukakamavu wa kila fremu kwa mraba wa umbali wake kutoka kitovu cha ukakamavu, kisha ujumlishe. Fremu 1: 3 × 36 = 108. Fremu 2: sifuri. Fremu 3: 36. Fremu 4: 144. Fremu A na B ziko m 6 kila upande, zinaleta 36 na 36. Jumla ni 360. Wengi husahau A na B kwa kuwa haziko upande wa kani, ilhali nazo zinazuia jengo lisizunguke.

Mchango wa msokoto kwa kila fremu ni 1,800 ÷ 360 = 5, mara ukakamavu, mara umbali. Fremu 1 inapunguziwa 5×3×6 = 90. Fremu 3 inaongezewa 30, fremu 4 inaongezewa 60. A na B zinapata 30 kila moja, zikisukumana kinyume.

Matokeo: fremu 1 kN 210, fremu 2 kN 100, fremu 3 kN 130, fremu 4 kN 160. Jumlisha: 600. Isipotimia, kuna alama ya kutoa au kujumlisha iliyogeuzwa.

Bado hatujamaliza. Uzito halisi haukai pale tulipochora, kwa hiyo kanuni inaongeza mpishano wa bahati wa asilimia 5 ya urefu, hapa m 0.9, kila upande. Ukichukua m 3.9, fremu 4 inafika kN 178 na fremu 3 kN 139. Ukichukua m 2.1, fremu 1 inabaki na kN 237. Kila fremu isanifiwe kwa thamani yake mbaya zaidi. Kanuni za zamani hazikuruhusu msokoto uipunguzie fremu yoyote mzigo. Kwa hizo fremu 1 ingebaki na 300.

Sasa ukakamavu wa 3 na 1 unatoka wapi? Ingiza fremu moja kwenye programu, isukume kwa kN 100, usome imesogea kiasi gani. Ikisogea mm 20, ukakamavu ni kN 5 kwa milimita. Ikisogea mm 6.7, ni kN 15, na hapo umepata uwiano wa 3. Tumia nusu ya ukakamavu wa zege zima, kwa sababu zege hupasuka mapema tetemeko linapoanza. Tahadhari moja: ukuta hupinda kama fimbo iliyosimikwa chini, fremu hulala ghorofa kwa ghorofa, kwa hiyo uwiano wa chini si uwiano wa juu. Karibu na paa fremu huanza kuuvuta ukuta nyuma. Kwa majengo mafupi kosa hilo ni dogo. Kwa marefu usilipuuze.

Jengo letu la mfano lenyewe halipiti kipimo cha ulinganifu cha Eurocode 8. Gawanya 360 kwa jumla ya ukakamavu, 6, upate 60; mzizi wake ni m 7.75, mpishano hautakiwi kuzidi 0.3 ya hapo, yaani m 2.32, na sisi tuna m 3. Maana yake lifanyiwe uchambuzi kwa kielelezo cha pande tatu. Hesabu ya mkono inabaki kuwa ya kukagua programu: jumla ya kani za msingi ilingane na uliyoingiza, mtikisiko wa kwanza, yaani namna kuu ya jengo kuyumba, usiwe wa kuzunguka, na mitikisiko uliyoichukua ikusanye angalau asilimia 90 ya uzito.

Ofisini tunatumia BS 8110 na kuweka kani ya mlalo ya asilimia 1.5 ya uzito. Si inatosha kwa tetemeko dogo?
*Mchoraji wa majengo, Nakuru*

Hapana. BS 8110 ni kanuni ya Uingereza ya usanifu wa zege. Asilimia hiyo ni ya uzito wa jengo lenyewe bila watu, na iliwekwa ili jengo lisiwe legelege kabisa na nguzo zisisimame tenge, haikukusudiwa tetemeko. Kwenye mfano wa hapo juu ingetoa kama kN 90 dhidi ya 600. Tena BS 8110 haikuambii lolote kuhusu ringi za kubana kiini wala kuhakikisha bimu inachoka kabla ya nguzo. Nakuru haiko mbali na Subukia, palipotokea tetemeko la kipimo cha 6.9 tarehe 6 Januari 1928. Kenya ilikuwa na mwongozo wake wa majengo na matetemeko tangu 1973, na Uganda ina kiwango chake cha majengo na matetemeko, US 319 cha 2003. Hakuna sababu ya kujificha nyuma ya asilimia moja na nusu.

Nina jengo la ofisi la ghorofa nne, limesimama miaka mingi bila tatizo. Nataka kuongeza lifti kwenye kona moja ya nyuma, na mkandarasi anasema shimo la lifti la zege litaliimarisha jengo. Nimwamini?
*Mama mwenye jengo, Arusha*

Mama, usimruhusu aliunganishe na slabu zako kabla mhandisi hajahesabu upya jengo zima. Kisanduku cha zege cha lifti kinaweza kuwa kikakamavu mara nyingi kuliko fremu zako zote kwa pamoja. Kikishaunganishwa kinanyakua karibu kani yote na kuvuta kitovu cha ukakamavu hadi kwenye kona yake. Jengo lililokuwa linayumba sawasawa litaanza kuzunguka, na nguzo za kona ya mbali, ambazo hazikuguswa, zitapata safari ambayo hazikuandaliwa. Mkandarasi anaongeza nguvu kweli. Lakini ameiweka mahali pabaya.

Mfano unaofundishwa zaidi ni wa Managua, Nikaragua, tarehe 23 Desemba 1972. Majengo mawili ya benki yalisimama karibu karibu. Banco Central, la ghorofa 15, lilikuwa na visanduku vya ngazi na lifti upande mmoja tu, na ukuta wa matofali uliojazwa upande huohuo. Banco de América, refu zaidi, lilikuwa na visanduku vinne vya zege katikati, vimepangwa kwa ulinganifu na kuunganishwa kwa bimu. La kwanza lilizunguka na kuharibika vibaya, slabu zake zikipasuka. La pili lilipata nyufa hasa kwenye bimu za kuunganisha visanduku, mahali ambapo nyufa zinavumilika na kutengenezeka. Ardhi iliyotikisa ilikuwa ileile.

Una njia tatu. Ya kwanza, na tunayoipenda kwa jengo lako, ni mnara wa lifti uliojitenga: msingi wake, nguzo zake, na pengo kati yake na jengo. Kama jengo litasogea mm 40 kwenye usawa wa juu na mnara mm 30, pengo linalotakiwa ni mzizi wa jumla ya miraba yake, mm 50. Sakafu za pande zote mbili zikiwa usawa mmoja, Eurocode 8 inaruhusu asilimia 70 ya hapo, mm 35. Lakini mm 15 haziokoi fedha ya maana, weka 50. Pengo lifunikwe kwa bamba la chuma lililofungwa upande mmoja tu. Baada ya kumwaga zege, simama ukague kwa tochi: mbao za kufomia, vipande vya polistirini vigumu na mabaki ya zege huachwa ndani, na pengo lililojaa taka halipo.

Ya pili ni fremu nyepesi ya chuma kwa ajili ya lifti, isiyo na kuta za zege. Ya tatu ni kukubali kisanduku cha zege lakini kuweka ukuta wa zege wa kukilinganisha upande wa pili, kuanzia msingi hadi paa. Hiyo ya tatu ndiyo ghali, maana kila ukuta mpya unadai msingi mpya: kani iliyokuwa imesambaa kwenye nguzo nyingi sasa inashukia sehemu mbili, na inataka kuzipindua.

Tunajenga kwa slabu ya bimu ndogo na matofali yenye mianya, na jengo la pili ni la zamani lenye sakafu ya mbao. Je, mgawo wa kani ni uleule?
*Mhandisi wa wilaya, Kigoma*

Swali hili lingepaswa kuulizwa kabla ya mengine yote, kwa sababu mgawo kwa ukakamavu unasimama juu ya sharti kwamba sakafu ni ngumu.

Sakafu ya mbao ni laini. Haiwezi kubeba kani kutoka fremu legevu kwenda fremu ngumu, kwa hiyo kila fremu inabeba uzito wa eneo linaloiegemea. Rudi kwenye mfano wa Mbeya, ila sakafu na paa viwe vya mbao. Kusema kweli uzito ungepungua, lakini tubaki na 600 kwa kulinganisha tu. Fremu za mwisho zina m 3 kila moja, za ndani m 6: mgawo unakuwa kN 100, 200, 200, 100. Fremu 2, iliyokuwa na 100, imepanda maradufu. Fremu 4 imeshuka kutoka 178. Ndiyo maana programu ikiachwa iweke sakafu ngumu kwenye ngazi zote, pamoja na paa la bati, majibu yake hutoka safi na yakawa ya jengo jingine.

Je, sakafu ni ngumu au laini? Eurocode 8 inaihesabu ngumu ikiwa mahali popote haisogei zaidi ya asilimia 10 kuliko ingesogea kama ingekuwa ngumu kabisa. Kanuni za Marekani zinaiita laini ikiwa mpindo wake wenyewe unazidi mara mbili ya wastani wa msogeo wa fremu zilizo chini yake. Katikati ya hapo, hesabu kwa njia zote mbili na uchukue kubwa.

Slabu ya bimu na matofali iko katikati hasa. Matofali yenyewe hayapitishi kitu. Kinachopitisha ni zege la juu. Eurocode 8 inataka zege hilo liwe angalau mm 40 kwa mapana chini ya m 8, na mm 50 yakizidi, likiwa na wavu wa nondo uliounganishwa na bimu na kuta. Ushauri wetu ni mm 60, maana saitini mm 40 za kwenye mchoro huwa 25 pale tofali lilipoinuka. Wavu uinuliwe kwa biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuinulia nondo, usilazwe juu ya tofali, na nondo zake ziingie ndani ya bimu za pembeni kwa urefu kamili wa kushika. Tumeona slabu ambazo wavu umeishia ukingoni mwa tofali la mwisho. Sakafu ya namna hiyo inateleza juu ya bimu, na fremu ngumu haipati kani iliyohesabiwa.

Angalia pia sehemu ambazo slabu imetobolewa. Ukuta wa ngazi ndio mkakamavu kuliko vyote, na pembeni yake ndipo tunapokata tundu la ngazi. Slabu inabaki kuushika kwa kipande kifupi tu, kwa hiyo weka nondo za kukusanya kani ndani ya bimu iliyo kwenye mstari wa ukuta. Fremu 1 ya mfano wetu hubeba hadi kN 237. Nusu yake, kN 118.5 au N 118,500, inaingia kwenye paa. Gawanya kwa uwezo wa chuma cha nondo, N 435 kwa kila milimita ya mraba, uzidishe kwa 1.3 ya usalama: mm² 354. Nondo mbili za mm 16 zina mm² 402. Zipite mfululizo, ziingie ndani ya ukuta, zisiungwe kwenye kona ya tundu. Kigoma iko kwenye ziwa lililotikiswa kwa kipimo cha 6.8 tarehe 5 Desemba 2005. Nondo mbili ni bei ndogo.

Shule yetu ina madarasa yenye ukuta wa tofali hadi m 1.8 na madirisha marefu ya kulala juu yake, kati ya nguzo. Tuliambiwa nguzo hizo ni hatari. Mbona zimeshikwa vizuri na ukuta?
*Mjumbe wa kamati ya ujenzi wa shule, Bukavu*

Kushikwa huko ndiko kunakoziletea hatari. Nguzo yenye urefu huru wa m 3 ikibanwa na ukuta hadi m 1.8, inabaki na m 1.2 za kupinda. Ukakamavu hubadilika kinyume na mchemraba wa urefu: 3 ÷ 1.2 ni 2.5, na mchemraba wake ni 15.6. Nguzo hiyo sasa inadai mzigo wa nguzo karibu 16 zilizo huru, na sakafu inaipa.

Nguvu yake haijaongezeka kwa kiasi hicho. Tuseme uwezo wake wa kupinda ni kNm 90 juu na chini. Ikiwa huru, ncha zote mbili zikifika kikomo, kani ya kuikata kwa ubavu ni 2 × 90 ÷ 3 = kN 60. Ikiwa fupi, ni 2 × 90 ÷ 1.2 = kN 150. Ikiwa ringi na zege vinahimili kN 100 tu, nguzo ndefu ingepinda polepole na kutoa ishara. Fupi inakatika kwa ufa wa mshazari kabla haijapinda. Utaiona alama ya X kwenye usawa wa dirisha, na baada ya hapo haibebi hata paa.

Kwa jengo jipya, ama ukuta utenganishwe na nguzo, ama nguzo ifungwe ringi za karibu, sm 10, kwa urefu wote bila kuachia katikati. Kwa jengo lililokwisha kusimama, katisha ukuta ubavuni mwa nguzo uache mwanya wa mm 25 hadi 30 kila upande, ujazwe spanji laini na kufunikwa, usijazwe saruji. Msogeo wa asilimia 1 ndani ya m 1.8 ni mm 18, ndipo tunapopata kipimo hicho. Ukuta uliotenganishwa unaweza kuanguka mbele au nyuma juu ya watoto, kwa hiyo ushikwe kwa vipande vya chuma vya pembe vilivyofungwa kwenye nguzo pande zote mbili za ukuta, vinavyouacha uteleze kwa urefu wake lakini haviruhusu ulale, na uwe na lenta juu yake. Fanyeni hivyo kwa nguzo zote za mstari. Mkiacha mbili fupi, hizo mbili zitajitwisha kani ya wenzao.

Chini ni maduka yenye vioo, juu vyumba vya matofali ghorofa mbili. Nguzo za chini zimeongezwa kutoka sm 30 hadi 40. Yatosha?
*Mkadiriaji majenzi, Mwanza*

Kuongeza huko kunazidisha ukakamavu wa nguzo karibu mara 3.2, na ni hatua ya kweli. Lakini kuta za juu zilizojazwa matofali zinaweza kuzidisha ukakamavu wa ghorofa zao kuliko hapo, na mchoro wa hesabu kwa kawaida hauzionyeshi. Kanuni za Marekani huita ghorofa laini ile yenye ukakamavu chini ya asilimia 70 ya iliyo juu yake. Jengo likisogea mm 60 kwa jumla na ghorofa tatu zikagawana sawa, kila moja ni mm 20. Likiwa laini chini, karibu mm 60 zote zinaangukia kwenye nguzo za m 3: asilimia 2 ya kimo, kiasi kinachovunja nguzo ya ringi za sm 20.

Mwombe mhandisi aziingize kuta za juu kwenye kielelezo, kila moja kama mkono wa mshazari wenye upana kati ya moja ya kumi na robo ya mshazari wa kuta, alinganishe ghorofa mbili. Kama tofauti ni kubwa, Eurocode 8 inataka kani za nguzo za chini ziongezwe, na kizidishi cha nyongeza chaweza kufika hadi thamani ya q yenyewe, kile kigawanyo cha mfano wa Mbeya. Mara nyingi kuta za zege mbili kila upande, kutoka msingi hadi juu, zikiwa pembezoni na zikitazamana, huwa nafuu kuliko nondo za nyongeza hiyo, na bado nafasi ya vioo vya maduka inabaki.